Kulibadili gari la kale la mbio liwe la otomatiki: Joto la Turkana ndilo mtihani

KWA miaka mingi, barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar na kuendelea hadi Kakuma ilikuwa ya malori na magari ya Land Cruiser. Lami iliyowekwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya themanini ilikuwa imemomonyoka kiasi kwamba madereva wengi waliona heri kupita kando yake, mchangani. Mwenye gari dogo lenye tumbo la chini hakuwa na sababu ya kulipeleka huko.

Ukarabati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioanza katika nusu ya pili ya muongo wa 2010, umebadilisha hali hiyo katika sehemu kubwa ya barabara. Leo magari madogo, aghalabu yaliyotumika Japan na yenye gia za otomatiki, hufika Kakuma bila mtu kushangaa. Kwa sababu hiyo, swali ambalo zamani lingeonekana la mzaha sasa lina maana: je, gari la kale la mbio lililoundwa na gia za mkono laweza kubadilishwa liwe la otomatiki, na bado listahimili safari ya Lodwar na Kakuma?

Jibu ni kwamba laweza. Hata hivyo, anayedhani kazi yote ni kung'oa giaboksi moja na kufunga nyingine atajuta mapema, tena mbali na gereji.

Mwenye kuhitaji mabadiliko hayo si lazima awe mvivu wa kubadilisha gia. Huenda ni mzee ambaye goti lake la kushoto limechoka kabla ya injini ya gari lake. Huenda ni mtu aliyepatwa na kiharusi, au aliyekatwa mguu. Turkana inaijua vyema kadhia hiyo ya mwisho. Kuanzia 1987 hadi 2006, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) iliendesha hospitali ya Lopiding karibu na Lokichoggio, safari ya chini ya kilomita 100 kutoka Kakuma. Huko majeruhi wa vita vya Sudan walitibiwa, na waliopoteza miguu wakatengenezewa ya bandia. Kwa mtu asiye na mguu wa kushoto, gari la klachi ni pambo la uani tu.

Dharau isiyo na msingi

Wapenzi wa magari ya mbio hudai kwamba otomatiki ni ya wasiojua kuendesha. Historia ya mbio za magari barani Afrika inawapinga.

Katika Safari Rally ya 1979, dereva Mkenya Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 160J. Aliyemfuata katika nafasi ya pili alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, akiendesha Mercedes-Benz 450 SLC 5.0 yenye giaboksi ya otomatiki ya gia tatu. Mwishoni mwa mwaka huohuo, katika mbio za Bandama nchini Ivory Coast, magari ya aina hiyo yalitwaa nafasi nne za kwanza. Mikkola alikuwa wa kwanza, na Mkenya Vic Preston Jr akawa wa nne.

Miaka 12 kabla ya hapo, mnamo 1967, kampuni ya Porsche ilikuwa imeanza kuuza gari lake la 911 likiwa na mtambo ulioitwa Sportomatic. Dereva aliendelea kuchagua gia kwa mkono, lakini kanyagio la klachi halikuwapo. Gari la 911R lenye mtambo huo lilishinda mbio za saa 84 za Marathon de la Route katika uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, mwaka huohuo.

Kwa hivyo otomatiki si adui wa mwendo wala wa barabara mbovu. Tofauti ni kwamba Mercedes hizo ziliandaliwa na kiwanda tangu mwanzo, na mafundi wao walikuwa na vipuri vya kutosha kando ya njia. Mwenye gari moja la kale hana jeshi la aina hiyo.

Kinachotolewa na kinachoingizwa

Mfano mwema ni Datsun 240Z, gari ambalo Wakenya wana sababu ya kulienzi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya 1971, kisha Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo ya 1973. Gari hili lina injini ya silinda sita iliyopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393.

Bahati ya mwenye 240Z ni kwamba kiwanda chenyewe kiliuza baadhi ya magari hayo yakiwa na otomatiki ya gia tatu iitwayo 3N71B, iliyoundwa na kampuni ya JATCO ya Japan. Kwa hiyo giaboksi inayokubaliana na injini hiyo ipo, na bolti zake huingia pasipo kuchongwa kipande cha kuunganishia. Mwenye gari ambalo halikuwahi kutolewa na otomatiki kiwandani hulazimika kutafuta giaboksi ya gari jingine na kuchongesha bamba la kuzioanisha. Akichukua giaboksi ya kisasa, itambidi pia aweke kompyuta ya kuiongoza. Gharama na uwezekano wa hitilafu huongezeka kwa kila hatua.

Kazi yenyewe huanza kwa kutoa giaboksi ya zamani, sahani ya klachi na flaiwili nzito. Mahali pa flaiwili hufungwa bamba jembamba la chuma ambalo hubeba konvata. Konvata ni chombo cha mviringo kinachojaa oili, na ndicho kinachochukua nafasi ya klachi. Ndani yake mna mapanga yanayozungushwa na injini. Mapanga hayo huisukuma oili, nayo oili husukuma mapanga mengine yaliyoungana na giaboksi. Hakuna chuma kinachogusana na chuma, na kwa sababu hiyo gari laweza kusimama kwenye taa huku injini ikinguruma bila kuzimika.

Hapa ndipo mafundi wengi wanaofanya kazi hii kwa mara ya kwanza huharibu mambo. Konvata sharti iingizwe hadi mwisho katika pampu ya giaboksi kabla ya bolti yoyote kukazwa. Ikiachwa nje hata kidogo, bolti zinapovutwa huibana pampu na kuivunja. Dalili ya kwamba imeingia sawasawa ni kuwapo kwa nafasi ndogo kati ya konvata na bamba kabla ya kufungwa. Kadhalika, bushi ndogo iliyo katika ncha ya kranki, iliyokuwa ikishikilia shafti ya giaboksi ya mkono, huondolewa ikiwa inazuia konvata kukaa.

Baada ya hapo huja mambo yanayosahauliwa. Propela hupimwa upya, na ikihitajika hukatwa na kusawazishwa, la sivyo gari litatetemeka. Mhimili unaobeba giaboksi kwa chini husogezwa. Kanyagio la klachi na silinda zake hutolewa, na kanyagio la breki likawekwa pana zaidi. Gia ya otomatiki ya 3N71B haina kompyuta. Hupata habari zake kwa njia tatu: gavana ndogo ya chuma inayopima mwendo wa gari, paipu nyembamba inayoleta mvuto wa hewa kutoka kwa injini ili kuonyesha ukubwa wa mzigo, na swichi iliyo chini ya kanyagio la mafuta inayoiamuru ishuke gia dereva anapolikanyaga hadi mwisho. Moja kati ya hizo isipounganishwa, gari litabadilisha gia kwa kishindo au kwa kuchelewa.

Kuna pia swichi inayozuia stata kufanya kazi isipokuwa gia ikiwa kwenye P au N. Wapo wanaoiruka ili kupunguza nyaya. Hilo ni kosa linaloweza kuua, kwa kuwa gari linaweza kuwashwa likiwa kwenye D na kumrukia aliyesimama mbele yake.

Joto ndilo hakimu

Yote hayo ni sawa iwe gari liko Mombasa au Eldoret. Linaloitofautisha Turkana ni joto. Mji wa Lodwar uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, mvua yake haizidi sana milimita 200 kwa mwaka, na joto la mchana huwa karibu nyuzi 35 za Selsiasi mwezi baada ya mwezi.

Giaboksi ya mkono hutoa joto kidogo. Ya otomatiki hutoa joto jingi kwa sababu katika konvata oili huteleza, na nguvu inayopotea katika kuteleza huko haiendi kwingine ila kuipasha moto oili hiyo. Konvata za magari ya kisasa zina klachi ya ndani inayofunga gari likishakolea mwendo, na utelezi ukakoma. Ile ya 3N71B haina. Hupoteza nguvu kidogo safari nzima.

Kanuni ya jumla inayotumiwa na mafundi wa otomatiki ni kwamba oili hudumu vizuri ikiwa karibu nyuzi 80. Kila linapopanda kwa nyuzi 11 hivi juu ya hapo, umri wake hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, oili iliyotarajiwa kudumu kilomita 80,000 itadumu 40,000 ikikaa kwenye nyuzi 91, na 10,000 tu ikikaa kwenye nyuzi 113. Oili inapochoka, sili za mpira hukauka na sahani za ndani huanza kuungua. Rangi nyekundu hugeuka kahawia, na ukiinusa inanuka kama kitu kilichoungua.

Magari mengi huipoza oili hiyo kwa kuipitisha katika radieta ya maji. Ukichukua oili yenye nyuzi 90 na hewa ya Limuru yenye nyuzi 18, tofauti ni nyuzi 72. Oili ileile katika hewa ya Lodwar yenye nyuzi 36 ina tofauti ya nyuzi 54. Kwa kuwa ni tofauti hiyo inayoliondoa joto, kipozaji kilekile hupoteza robo ya uwezo wake kwa kuhamishwa tu. Isitoshe, radieta yenyewe tayari imelemewa na injini ya kale.

Ndiyo maana mabadiliko yanayofanywa kwa ajili ya Turkana yasihesabiwe kuwa yamekamilika pasipo vitu vitatu. Cha kwanza ni kipozaji cha ziada kinachopigwa na hewa, kilichowekwa baada ya radieta ili oili ipoe mara mbili kabla ya kurejea. Cha pili ni wavu mbele yake, unaosafishwa mara kwa mara, kwa kuwa vumbi laini likiziba mapezi yake kinabaki kuwa chuma tu. Cha tatu ni kipimo cha joto la oili kwenye dashibodi. Bila kipimo hicho, dereva hujua giaboksi imeungua baada ya kuungua.

Paipu za mpira nazo zichaguliwe kwa uangalifu. Ile nyembamba inayoleta mvuto wa hewa ikipasuka kwa ukavu, giaboksi hupotoshwa kuhusu mzigo wa injini na kubadilisha gia vibaya. Fundi asiyelijua hilo aweza kuifumua giaboksi nzima kutafuta ugonjwa ulio kwenye kipande cha mpira.

Mchanga, laga na safari ya kuvutwa

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita zipatazo 120. Hata palipo na lami, kuna mchanga uliopeperushwa na upepo, njia za mchepuko na laga zinazokauka kwa miezi kisha zikafurika kwa saa moja. Kakuma ina Tarach, nayo Lodwar ina Kawalase mbali na mto Turkwel.

Mchangani, otomatiki ina faida na hatari. Faida ni kwamba nguvu hufika magurudumuni kwa ulaini, na gari haliruki wala kujichimbia shimo kwa urahisi kama la klachi lililo mikononi mwa dereva asiye mzoefu. Hatari ni pale gari linapokwama na dereva akaendelea kukanyaga mafuta. Magurudumu yakishikwa, nguvu yote ya injini huingia katika oili. Mafundi wanapoipima konvata kwa kuizuia gari kwa breki huku wakikanyaga mafuta, hawapitishi sekunde tano. Dereva aliyekwama na kung'ang'ana kwa dakika nzima amefanya mara 12 ya jambo hilo. Inafaa kuzima papara, kutoa mchanga kwa sepeto na kupunguza upepo kwenye magurudumu.

Maji ya laga ni hatari ya namna nyingine. Giaboksi ina tundu la kupumulia. Ikiwa ya moto na ikatumbukizwa ghafla katika maji baridi, huyavuta ndani. Oili hugeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa waridi, na maji hulegeza gundi inayoshika sahani za ndani. Tundu hilo lapaswa kuunganishiwa mpira unaopanda hadi karibu na boneti, jambo la gharama ndogo ambalo hufanywa mapema au hujutiwa baadaye.

Lililo zito zaidi ni kwamba gari la otomatiki likikatika betri njiani halisukumwi likawaka. Pampu inayoleta shinikizo huzungushwa na injini, na injini isipozunguka hakuna gia inayoshika. Kwa sababu hiyohiyo, halifai kuvutwa kwa kamba mwendo mrefu likiwa na magurudumu ya nyuma chini, maana vyuma vya ndani vitazunguka bila oili. Sharti propela ifunguliwe kwanza, au gari lipandishwe juu ya lori. Aliyezoea kusukumwa na vijana wa karibu kisha akaendelea na safari lazima abadili fikira zake. Nyaya za kuazimia moto wa betri ni sehemu ya mabadiliko haya kama ilivyo konvata.

Anayetoka Kitale akumbuke pia mteremko wa Kamatira, West Pokot. Otomatiki ya gia tatu ikiachwa kwenye D haizuii gari vya kutosha, na breki za kale huchemka upesi. Chaguo la 2 au 1 liliwekwa kwa ajili ya mahali kama hapo.

Leseni na karatasi

Utaratibu wa leseni wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) unatenganisha daraja B1, la gari dogo la otomatiki, na madaraja mengine ya magari madogo. Aliyepewa B1 haruhusiwi kuendesha gari la klachi, ila aliyefuzu kwa gari la klachi hana kizuizi cha kuendesha la otomatiki.

Aidha, Sheria ya Trafiki inamtaka mwenye gari kuarifu panapotokea mabadiliko yanayofanya maelezo ya usajili yasilingane na gari lenyewe. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi. Bima isiyojua kilicho chini ya gari hupata kisingizio siku ya ajali.

Kwa mlemavu, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa gari lililoundwa mahususi kwa ajili yake linapoingizwa nchini. Msamaha huo ni wa kuingiza gari, wala si wa kulibadilisha gereji. Vilevile, kanuni za ubora za Kenya zinakataza kwa kawaida kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Hiyo ndiyo sababu magari ya kale yaliyomo nchini hutunzwa na kubadilishwa badala ya kuagizwa upya.

Ni nani anayefaa kubadilisha?

Aliyepoteza mguu wa kushoto atatosheka na otomatiki ya kawaida, kwa kuwa mguu wa kulia pekee ndio unaofanya kazi. Aliyepoteza wa kulia atahitaji zaidi: kanyagio la mafuta lihamishiwe kushoto, au mafuta na breki viendeshwe kwa mkono. Ambaye goti linamuuma tu aweza kwanza kujaribu klachi inayosaidiwa na mtambo wa umeme au wa hewa, ambayo huiacha giaboksi ya asili mahali pake.

Gharama nyingine ni ya thamani. Gari la kale hupendwa na wanunuzi likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Mwenye busara huhifadhi giaboksi ya zamani, flaiwili, propela na kanyagio, na huhakikisha hakuna chuma cha bodi kinachokatwa kisichoweza kurudishwa. Kisha kuna mafuta. Gia ya tatu ya 3N71B huizungusha propela sawa na injini, ilhali gia ya tano ya giaboksi ya mkono huiacha injini izunguke polepole zaidi. Kwa difu ileile, injini itanguruma kwa kasi zaidi na kunywa zaidi katika masafa marefu yasiyo na vituo vingi vya petroli.

Vipuri navyo haviko jirani. Mtu wa Lodwar anayehitaji sili ya 3N71B ataitafuta Nairobi, katika maduka ya Kirinyaga Road na Grogan, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwake. Inafaa anunue seti nzima ya sili, sahani na kichujio kabla ya kazi kuanza, na aandike namba zake.

Mwenye miguu mizima anayetaka starehe tu atafaidika zaidi kwa kuliacha gari lake lilivyo na kununua jingine la otomatiki kwa safari za kila siku. Ambaye mwili wake umemkatalia klachi ana sababu ya kutosha ya kuendelea. Kabla ya kumlipa fundi, amuulize maswali matatu: oili itapozwa wapi, joto lake litasomwa wapi, na gari likizimika kati ya Lodwar na Kakuma litarudishwa vipi. Fundi asiye na majibu hayo hajawa tayari kulifungua gari.